Je, Wajua? Tochi ya trafiki na mkono wa mrushaji

Je, wajua kwamba tochi ya trafiki, ile inayomfanya dereva akanyage breki kabla hajaingia mjini, ndiyo iliyozaa kifaa cha kupimia warushaji wa besiboli? Mwaka 1974 Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliona gazetini picha ya polisi wa chuo akiwa na rada ya magari. Akaiazima, akawapima vijana wake, kisha akamtafuta John Paulson wa kampuni ya JUGS amtengenezee ya mpira.

Kabla ya hapo watu walihangaika. Mwaka 1912 mrushaji Walter Johnson alirusha mpira kwenye mtambo wa kupimia risasi: kama kilomita 134 kwa saa. Mwaka 1940, mjini Chicago, mrushaji Bob Feller alishindanishwa na pikipiki iliyokuwa ikikimbia kilomita 138 kwa saa. Mpira ulitangulia.

Rada hufanyaje kazi? Simama kando ya barabara pale Kashikishi, Zambia, lori lipite likipiga honi. Likija, sauti ni nyembamba. Likishapita, inakuwa nzito. Christian Doppler alilieleza jambo hilo mwaka 1842. Rada hutuma mawimbi ya redio, yakagonga mpira na kurudi yamebanana zaidi, na kiasi cha kubanana ndicho kinachogeuzwa kuwa kasi.

Kwa nini wasaka vipaji hugombea viti vya nyuma ya mdakaji? Si kwa ajili ya kivuli. Rada huona tu ile sehemu ya mwendo inayoielekea. Ukiielekeza kutoka ubavuni kwa nyuzi 20, mpira wa kilomita 150 kwa saa utasomeka 141. Kosa hilo halimpendelei mrushaji hata siku moja: pembe hupunguza, haiongezi.

Na rada yenyewe huhakikiwa kwa uma wa chuma, kama ule wa kusawazishia ala za muziki. Unaugonga, unaushika mbele ya rada, nayo lazima isome kasi iliyochorwa kwenye uma huo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowadanganya wengi. Mpira huanza kupoteza kasi mara tu unapotoka mkononi. Kutoka kwa mrushaji hadi bamba la mpigaji ni mita 18.44, na hadi ufike umepoteza karibu asilimia 8. Nolan Ryan alipopimwa mwaka 1974, akapata maili 100.9 kwa saa (kilomita 162), mpira ulikuwa umekaribia bamba. Mwaka 2010 Aroldis Chapman alipata maili 105.1 (kilomita 169), lakini kipimo kilichukuliwa karibu na mkono. Anayewalinganisha wawili hawa kwa namba tupu anapoteza muda. Tangu mwaka 2017 ligi kuu ya Marekani hutangaza kasi ya mpira unapotoka mkononi, na mashabiki wakadhani warushaji wamepata nguvu mpya usiku mmoja!

Je, wajua kwamba Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru, mpira ungefika kwa mpigaji ukiwa na kasi zaidi kuliko Dar es Salaam? Ziwa hilo liko takriban mita 917 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Tofauti ni ndogo, kama kilomita moja kwa saa, lakini ipo.

Daftari la msaka vipaji halina maneno mengi. “90–93, T95” maana yake mrushaji huyu kwa kawaida hurusha kati ya maili 90 na 93, na kilele chake ni 95. Kisha humpa alama kati ya 20 na 80. 50 ni wastani wa ligi kuu. Kwa nini isiwe sifuri hadi mia? Ndivyo walivyozoea.

Madaftari hayo yamefika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza Kombe la Dunia la Little League kule Pennsylvania. Mwaka 2022 timu ya Los Angeles Dodgers ikawasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Huna rada? Simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha. Pima mita 18 ufukweni, rusha, kisha hesabu picha tangu mpira uachiliwe hadi ugonge shabaha. Picha 144 ni sekunde 0.6, yaani mita 30 kwa sekunde, au kilomita 108 kwa saa. Huo ni wastani wa safari nzima, hivyo mkono wako ni mwepesi kuliko namba hiyo. Ila hakikisha hakuna mtu wala mtumbwi nyuma ya shabaha.