Je, Wajua? Upole wa Mzee Mwinyi na safari ya gunia la mpunga

Je, wajua kwamba palikuwa na wakati nchini Tanzania ambapo kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka kulihitaji kibali? Mchele wa Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, leo hupakiwa kwenye lori la mfanyabiashara na kwenda kunakolipa. Enzi zile mzigo huo ungeitwa magendo. Mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, kikomo kilipandishwa hadi kilo 500. Kilifutwa mwaka 1987, chini ya mrithi wake, Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Rukhsa.

Je, wajua kwamba mwaka 1977 Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa kosa ambalo hakulitenda? Watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, naye akaona dhamana ni yake. Kwangu, hapo ndipo pa kuanzia kumwelewa: mtu asiyeng'ang'ania cheo anaweza kufanya uamuzi mchungu bila kuhofia jina lake.

Uchungu ulikuja mwaka 1986. Mwalimu alikuwa amebishana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa, akikataa kushusha thamani ya shilingi. Mwinyi alikubali. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 17 ikafika 40. Haya yote aliyafanya huku Mwalimu akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, wadhifa alioushika hadi 1990. Kugeuza sera za mwasisi aliye hai, tena bosi wako kwenye chama, bila kumvunjia heshima wala kukigawa chama, kulihitaji unyenyekevu ambao viongozi wengi hawana. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza hata masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha.

Upole huohuo ulikuwa na gharama. Misamaha ya kodi ilizagaa na makusanyo yakavuja, hadi mwaka 1994 wafadhili wakazuia misaada. Rais aliyemfuata, Benjamin Mkapa, mtu mkali zaidi, alirithi soko lililofunguliwa na hazina iliyopwaya. Chini yake, Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi Julai 1996 ili kuziba mianya hiyo ya kodi.