Uchaguzi wa bunduki ya kuwindia nyati

Uchaguzi wa bunduki ya kuwindia nyati hutegemea mambo matatu: kaliba (upana wa risasi na wa mtutu unaoipitisha), muundo wa risasi yenyewe, na uwezo wa mtu anayeishika bunduki. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili limebishaniwa tangu wakati wa ukoloni. Sehemu ya historia yake iko Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, mahali ambapo leo uwindaji umepigwa marufuku.

Maana ya namba

Kaliba hutajwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi. Kaliba .375 ni inchi 0.375, yaani karibu mm 9.5. Kwa desturi ya Wajerumani hutajwa namba mbili: 9.3×62 maana yake ni kwamba kichwa cha risasi kina upana wa mm 9.3 na ganda lake lina urefu wa mm 62. Namba hizi zisichukuliwe kama vipimo kamili. Risasi iitwayo .280 Ross, kwa mfano, ina kichwa chenye upana wa inchi 0.287 hivi. Mara nyingi namba ni jina tu ambalo mtengenezaji aliipa bidhaa yake.

Nguvu ya risasi hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wake kwa kasi iliyopigwa mraba, na kipimo chake ni juli. Kwa sababu kasi hupigwa mraba, risasi nyepesi yenye kasi kubwa huonekana nzuri sana kwenye karatasi. Kichwa cha gramu 9 kinachokwenda mita 900 kwa sekunde kina takriban juli 3,600. Risasi ya .303, iliyokuwa ya kawaida katika majeshi ya Uingereza, ilikuwa na kichwa cha karibu gramu 14 na kasi ndogo zaidi, ikatoa chini ya juli 3,000. Anayesoma namba hizo peke yake angechagua ya kwanza bila kusita. Lakini juli hazisemi risasi itafika wapi ndani ya mwili wa mnyama, na kwa nyati hilo ndilo swali lenyewe.

Mnyama mwenyewe

Nyati wa Afrika (Syncerus caffer), ambaye wengi humwita mbogo, ni mnyama mzito: dume la mbugani huwa na kg 500 hadi 900. Moyo wake uko chini kifuani, karibu na miguu ya mbele, nyuma ya ngozi nene, misuli na mbavu pana. Kwa hiyo wawindaji hufundishwa kulenga theluthi ya chini ya mwili, kwenye mstari wa mguu wa mbele, na si katikati ya mwili kama macho yanavyomshawishi mgeni.

Nyati aliyejeruhiwa aghalabu hukimbilia kichakani na kusimama humo. Anayemfuata hukutana naye kwa umbali wa hatua chache, naye humjia kichwa kikiwa juu, kisha hukiinamisha anapofika. Wakati huo hakuna muda wa kusubiri mapafu yajae damu.

Katika Uswidi maelfu ya watu huwinda elki, mnyama mwenye mapembe mapana wa misitu ya baridi ambaye dume lake linaweza kuzidi kg 400, na wengi hutumia bunduki za mm 6.5 tu. Sheria ya huko haitazami upana wa mtutu: kichwa cha gramu 9 lazima kiwe bado na juli 2,700 kwa umbali wa mita 100, na kichwa cha gramu 10 au zaidi kiwe na juli 2,000. Elki aliyepigwa mapafuni kwa kawaida hutembea kidogo, husimama, kisha huanguka. Kanuni inayomfaa yeye haimfai nyati.

Ngorongoro: shamba la mtengenezaji wa bunduki

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikodi ardhi ndani ya kreta ya Ngorongoro kutoka kwa serikali ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Walifuga ng'ombe, walijaribu kuwafukuza nyumbu watoke kreta, na waliwaalika marafiki zao kuwinda. Katika miaka hiyo walowezi wa Kijerumani walianza kupata bunduki iliyowafaa hasa: mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, alitengeneza risasi ya 9.3×62 iliyoingia katika bunduki ya Mauser ya komeo. Mauser ilikuwa rahisi na imara kuliko bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, ambazo bei yake ilimfaa bwana mwenye mali. Kichwa chake cha gramu 18.5 kilikwenda mita 720 hivi kwa sekunde, kasi isiyo ya kujivunia, lakini kilipenya.

Baada ya vita shamba la Siedentopf liliingia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskoti aliyebuni bunduki iliyoitwa kwa jina lake. Jeshi la Kanada lilipeleka bunduki ya Ross Ufaransa mwanzoni mwa vita, ikawa inakwama kwenye matope ya mahandaki, na ilipofika 1916 wanajeshi walikuwa wakipewa Lee-Enfield badala yake. Kwa wawindaji, Ross alikuwa ametoa mwaka 1907 risasi ya .280, mojawapo ya risasi zenye kasi kubwa kuliko zote za wakati wake. Ilisifiwa sana, na kwa swala wa uwandani sifa hizo zilikuwa za haki.

Mwaka 1911 George Grey, ndugu wa Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliwinda simba katika nchi ya Athi, Kenya, akiwa na bunduki ya .280 Ross. Simba alimjia kwa kasi. Grey alifyatua na risasi zilimpata mnyama, lakini hazikumzuia. Alijeruhiwa vibaya, akafa Nairobi baada ya siku chache. Kichwa chepesi chenye kasi kubwa kikigonga msuli au mfupa kwa karibu hupasuka vipande mapema, na jeraha huwa pana lakini halina kina. Simba ni mwepesi kuliko nyati mara tatu au zaidi. Kama risasi haikutosha kwa simba, kwa nyati ingekuwa mbaya zaidi.

Mwaka 1921 Tanganyika ilipata sheria ya kwanza ya kuhifadhi wanyama, iliyotaka kila mwindaji awe na kibali. Mwaka 1928 uwindaji ulikatazwa ndani ya ukingo wote wa kreta, isipokuwa kwenye yale yaliyokuwa mashamba ya Siedentopf.

Kaliba ndogo iliyofaulu

Watetezi wa kaliba ndogo humtaja W. D. M. Bell, aliyejulikana kama Bell wa Karamoja kwa sababu ya safari zake kaskazini mwa Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya 7×57, ambayo ni karibu sawa kwa upana na ile ya Ross. Tofauti ilikuwa kwenye risasi. Bell alitumia vichwa virefu, vizito kwa kaliba yao, vilivyofunikwa chuma chote ili visipasuke, na kasi yake ilikuwa ya wastani. Aidha alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Mfano wake huonyesha nguvu ya kupenya na ya kujua mwili wa mnyama. Haumpi mtu wa kawaida ruhusa ya kumwendea nyati na bunduki ya mm 7.

Kaliba zinazotumika

Kwa nyati, .375 Holland & Holland ya mwaka 1912 ndiyo chaguo la wengi hadi leo. Kichwa chake cha gramu 19.4 hutoa karibu juli 5,700, na pigo la kitako begani bado linavumilika. Juu yake ziko .416 Rigby (1911), .470 Nitro Express ya bunduki za mitutu miwili, na .458 Winchester Magnum (1956). Hizi huzuia mnyama vizuri zaidi kwa karibu, ila huumiza bega, na anayeogopa bunduki yake hufumba macho anapofyatua. Kwa mwindaji mgeni anayefyatua risasi chache kwa mwaka, .375 anayoimudu ni bora kuliko .470 inayomtetemesha. Mwindaji bingwa anayemsindikiza, ambaye kazi yake ni kumzuia nyati anayekuja, ana sababu ya kubeba kubwa zaidi.

Risasi ya kwanza kwa kawaida huwa ya pua laini lakini ya muundo mgumu, ili ipanuke bila kuvunjika. Zinazofuata huwa risasi ngumu, maana nyati aliyegeuka hupigwa kwa nyuma na risasi lazima ipite mwili mzima.

Sheria na hali ya sasa

Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978. Leo unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kanuni zake, ambazo kwa wanyama hatari kama nyati na tembo hutaka kaliba isiyopungua .375. Bunduki zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi. Uwindaji wa kitalii karibu na Ngorongoro hufanyika nje ya Hifadhi, kwa mfano katika Pori la Akiba Maswa upande wa magharibi.

Wilayani Karatu nyati na tembo hutoka kwenye msitu wa Hifadhi usiku na kuingia mashambani, hasa vijiji vya Oldeani na Rhotia vinavyopakana nao. Anayetakiwa kuwakabili ni askari wanyamapori, na bunduki yake haichaguliwi kwa shabaha ya mbali bali kwa mita chache gizani, ndani ya kahawa au mahindi. Hatari huongezeka nyati anapokuwa ameshapigwa na jangili mwenye gobore, bunduki ya kienyeji inayoshindiliwa baruti na vipande vya nondo mdomoni mwa mtutu. Vipande hivyo havina umbo la kupenya wala kasi ya kutosha. Mnyama huondoka navyo mwilini, na huenda akakutwa na mkulima asubuhi kwenye kijito.