Saa za Meli, Pesa za Gede

Meli ya kitalii inapoingia bandari ya Mombasa alfajiri, saa yake ya kuondoka huwa imeshapangwa: jioni ileile, au kesho yake. Biashara yote imo kati ya nyakati hizo mbili. Abiria kwa mamia, pengine zaidi ya elfu, wanateremka kwenye jengo lao gatini, mabasi yanawasubiri, na kila mwenye cha kuuza kutoka Mji wa Kale hadi Voi anapiga hesabu ya saa. Gede, penye magofu ya mji wa kale kilomita 100 hivi kaskazini, nayo inapiga hesabu hiyo, na kila ikipiga inatoka na kidogo.

Tuchukue siku ya kawaida. Basi linatoka gatini saa mbili asubuhi, linavuka daraja la Nyali, linapita Bamburi na kukutana na foleni ya Mtwapa. Hadi livuke daraja la Kilifi na kufika Gede, imeshakaribia saa tano. Msimamizi wa safari anataka wageni wawe wamerudi bandarini saa tisa alasiri, maana kampuni ya meli haiogopi kitu kama abiria aliyeachwa nchi kavu. Inabaki saa moja ya kutembea magofuni, na chakula kilichofungwa kwenye boksi kinaliwa garini. Tsavo Mashariki nako ni mbali, lakini kuna ndovu, na aliyefika Kenya mara moja maishani ataivumilia barabara kwa ajili ya ndovu. Asiyetaka kuchoka anakwenda Fort Jesus, dakika chache kutoka gatini.

Miji inayofaidi wageni wa siku moja ni ile inayoanzia pale meli inapofungwa kamba. Unguja, abiria anateremka bandari ya Malindi (si Malindi ya Kenya) na punde si punde yumo Mji Mkongwe kwa miguu. Cobh, mji mdogo kusini mwa Ireland ambako Titanic ilipakia abiria wake wa mwisho mwaka 1912, meli kubwa hukaa mbele ya mji wenyewe, stesheni ya treni ikiwa papo hapo kwa anayetaka kwenda Cork. Hata huko muuzaji ana kibarua, kwa kuwa mgeni ameshakula asubuhi melini na cha jioni kinamngoja melini, vyote ameshavilipia.

Kwa hiyo wanaoiweka Gede mjini si watu wa meli. Ni wageni wa hoteli za Watamu, mwendo mfupi wa tuktuk, na wa Malindi, kilomita 16 hivi, ambako Waitaliano wamejenga na kuwekeza kwa miongo mingi. Na ni wanafunzi. Basi la shule halitajwi sana kwenye mikutano ya utalii, ilhali linakuja hata wakati mabalozi wa Ulaya wameonya raia wao wasikanyage pwani. Mama wa viazi karai na kijana wa madafu wanalijua hilo kuliko maofisa wengi.

Tiketi ya mlangoni ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Naona ni haki, kwani taasisi hiyo inatunza pia maeneo yasiyopata mgeni hata mmoja kwa wiki. Lakini ina maana kwamba kinacholala Gede ni kile kinacholipwa nje ya dirisha la tiketi: ujira wa mwongozaji, nauli ya tuktuk, kinyago, leso. Na kinyago chenyewe mara nyingi kinabeba ndani ya bei yake kamisheni ya dereva aliyemleta mnunuzi.

Biashara ninayoiheshimu kuliko zote hapa haimngoji mgeni kabisa. Mwaka 1993 mwanabiolojia Ian Gordon alianzisha mradi wa Kipepeo katika uwanja wa magofu. Wakati ule wakulima wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, walitamani ukatwe wapate mashamba. Ndovu na nyani walikuwa wakiwamalizia mahindi. Mradi uliwapa kazi mpya. Mkulima hunasa kipepeo jike, humweka kwenye kizimba cha wavu, naye hutaga juu ya majani ya mmea wa aina yake. Viwavi hulishwa majani hayohayo mpaka wageuke pupa, na pupa hupelekwa Gede. Huko hukaguliwa, hutengwa kwa aina, hufungwa ndani ya pamba na kupandishwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Pupa hangoji: ana siku chache tu kabla hajatoka kipepeo, na shehena ikilala uwanja wa ndege hasara ni kamili. Ndiyo maana mwaka 2020, ndege zilipositishwa na nyumba hizo kufungwa, pigo lilifika hadi kwenye vizimba vya vijijini. Lakini tazama mpango ulivyo: bila msitu hakuna kipepeo wala majani, na mkulima aliyetaka shoka sasa ana sababu ya kuulinda mti.

Hori la Mida, jirani hapo, lina hesabu kama hiyo. Shirika la A Rocha Kenya lilijenga njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko, na ada ya wanaoipita inasaidia karo ya sekondari kwa watoto wanaoishi kando ya msitu na hori. Dabaso, kikundi cha wenyeji kina mkahawa juu ya maji hayohayo, na sambusa zake za kaa zinawatoa watu hotelini kwa hiari yao. Hapo pesa ya mgeni inabaki kijijini.

Gede yenyewe haikuwahi kuwa na gati. Bahari iko kilomita kadhaa kutoka kuta zake. Hata hivyo mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba hapa kati ya 1948 na 1958, alizipa nyumba majina kwa vitu alivyovikuta ndani: mkasi, taa ya chuma, ushanga wa Venice, sarafu za Kichina. Kauri za enzi ya Ming zilibebwa kutoka ufukweni hadi humu kwa sababu humu mlikuwa na watu wenye uwezo wa kuzinunua. Meli ilikuwa chombo cha biashara yao. Haikuwa bwana wao.

Julai 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, na jina hilo litauza. Swali ni nani atakuwa na bidhaa tayari. Kampuni za meli hupanga na kuuza safari zao mwaka mzima kabla, au zaidi, na zinataka bei moja ya mtu mmoja: magofu, vipepeo, chakula cha mchana Dabaso, mwongozaji wa hapa. Meli inayolala Mombasa usiku mmoja ndiyo ya kuandamwa, kwa sababu abiria wake wana siku ya pili. Zile ndogo, zinazoshusha watu kwa boti, zingeweza kukaribishwa Malindi, ingawa tope la Mto Sabaki litahitaji nahodha makini. Lakini bei hiyo moja ikishaandikwa, wa kwanza kuuziwa wawe wageni wa Watamu: hao wako jirani, wana wiki nzima, na hakuna king'ora cha meli kinachowaita jioni.