Nasaba ya Injini

Kila kaumu ina jambo lake moja ambalo mgeni akilikosea hukaribishwa chai lakini hashirikishwi mazungumzo. Na kaumu ninayokusudia kuieleza hapa, ya vijana wa Nairobi waliotekwa na mahaba ya magari ya Subaru Legacy, yale marefu ya stesheni-wagoni yenye turbo, ambayo kwa umbo lake ungedhani yaliundwa kwa ajili ya watoto na magunia ya viazi, jambo lao hilo ni kuuliza injini ina nguvu ngapi kabla ya kuuliza ilifunguliwa na nani. Kosa hilo nalijua kwa kuwa nililitenda. Nilikuwa nimetoka Mombasa kumzuru mpwa wangu, naye Jumapili asubuhi akanichukua hadi uani kwa fundi wake, upande wa Industrial Area, ambako magari sita au saba yalikuwa yameinua vifuniko kama viboko wanaopiga miayo. Nikamwuliza kijana aliyesimama kando yangu, kwa nia safi kabisa, gari lake lina nguvu ya farasi wangapi. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mzee, hiyo imeandikwa kitabuni. Niulize nani ameifungua."

Asili ya mapenzi yao si siri. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwalea wazee wao kando ya barabara za vumbi. Na wao wenyewe walisimuliwa jinsi Patrick Njiru, Mkenya mwenzao, alivyoimaliza Safari ya mwaka 1993 kwa Subaru Vivio, kigari ambacho injini yake haikutimia hata sentimita za ujazo 700, na jinsi Colin McRae alivyoibuka mshindi wa Safari ya mwaka 1997 kwa Impreza. Fauka ya hayo, pana sababu ya hewa, ambayo sisi watu wa pwani hatuifikirii. Nairobi i juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na hewa yake imepungua uzito karibu sehemu moja katika sita. Injini ya kawaida hupanda mlima huko ikihema, ilhali yenye turbo husukumiwa hewa kwa nguvu, isihisi sana upungufu huo. Kijana aliyewahi kulipita lori katika mwinuko wa Bonde la Ufa kwa gari lisilo na turbo, kisha akalipita kwa lenye turbo, hana haja ya kuhubiriwa.

Gari wanalolitukuza kupita yote ni Legacy GT-B. Lilipotoka mwaka 1996 lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,994 na nguvu ya farasi 280, nayo ndiyo mipaka ambayo makampuni ya Japani yalikuwa yameahidiana kutoivuka. Nguvu hiyo ilitoka kwa turbo mbili zilizopokezana zamu, ya kwanza ikifanya kazi injini inapozunguka polepole, ya pili ikiingia mbio zinapozidi. Na baina ya zamu hizo mbili ipo nafasi ambapo gari hulegea ghafla kama mtu aliyesahau alilotaka kusema. Wenyewe huita mahali hapo bonde la mauti, na dereva aliyekutwa humo katikati ya kulipita basi hacheki akilisikia jina hilo. Basi gari ni zuri, lina kasoro, na halipatikani tena: sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hiyo Legacy hizo zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila injini inayokufa lazima ipatiwe mrithi.

Hapo ndipo ilipozaliwa ada ya kutia injini kubwa zaidi, ile ya sentimita za ujazo 2,457 iliyotumika katika Forester na Impreza za STI. Jambo hili ni jepesi kuliko linavyosikika, kwa sababu injini hizo ni za ukoo mmoja, na mashimo ya boliti za kushikia giaboksi ni yale yale. Kazi ngumu imo katika nyaya na katika kompyuta, ambayo yapaswa kufundishwa upya kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Turbo mbili huondolewa, hutiwa moja, na bonde la mauti hufukiwa. Lakini ukubwa huo una gharama yake. Silinda zilizokuwa na upana wa milimita 92 zimepanuliwa zikawa 99.5 ndani ya bloku ya ukubwa ule ule, kuta zake zikawa nyembamba, na pistoni za kiwandani huvunjika ukingoni penye ringi endapo kompyuta imepangwa na mtu mwenye papara. Injini ndogo ilikuwa na subira. Hii kubwa haisamehe. Mimi, kama ningeulizwa, ningeitengeneza ndogo, lakini sikuulizwa.

Ununuzi wenyewe hufanyika zaidi katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo jina lake la kale, Grogan, halijawatoka watu vinywani. Injini zimelazwa juu ya mbao kama papa mnadani, kila moja ikisemekana kuwa imetoka Japani juzi. Fundi wa mpwa wangu, mtu mfupi asiyependa maneno, hakuigusa hata moja mpaka alipokwisha kunywa chai yake. Kisha akailegeza boliti ya sampu, akayaacha mafuta yadondoke juu ya kitambaa cheupe, akayasambaza kwa kidole gumba, akakiinua kitambaa kwenye jua na kukigeuza huku na huku. Akitafuta mng'ao. Alipouona, mdogo kama vumbi la bawa la kipepeo, akatoa sumaku mfukoni akaipitisha juu yake; mng'ao haukusogea. Akakikunja kitambaa akaenda zake, wala hakumwambia muuzaji neno, kwa kuwa chuma kingeifuata sumaku, na kisichoifuata kwa kawaida ni metali za kranki zilizokwisha kuliwa.

Thamani ya ujuzi huo mpwa wangu aliijua kwa hasara. Injini yake ya kwanza aliinunua peke yake, kwa muuzaji mwenye bashasha, imepakwa rangi na kujazwa mafuta mapya yaliyong'aa kama asali. Wiki ya tatu ikanoki. Asiyepata kuisikia injini ikinoki na afikirie hodi inayobishwa kutoka ndani ya nyumba, na aliye ndani ni yule asiyeweza kukaribishwa.

Tangu hapo akashika mila ya wenzake, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha habari hii. Wanazuoni wetu wa pwani wakiletewa kauli huuliza isnadi yake, nani kaipokea kwa nani. Na vijana hawa, ambao wengi wao hawajapata kulisikia neno hilo, hufanya vivyo hivyo. Mwenye gari husimama mbele ya kifuniko kilicho wazi akaisoma nasaba: imetoka kwa Forester iliyogongwa nyuma, ikaletwa na nusu ya gari lake, ikafunguliwa na fundi fulani wa Ngara, ikavuliwa pistoni za kiwandani ikavikwa za kufuliwa, ikapangwa kompyuta na fulani, haijawahi kuchemsha. Wasikilizaji hukatiza kwa maswali, na jina moja la fundi mwenye sifa mbaya katika silsila hiyo laweza kuishusha bei kuliko ajali. Serikali nayo yataka isnadi yake, maadamu namba ya injini imeandikwa katika logibuku, na ikibadilishwa injini sharti gari likaguliwe na namba mpya iandikwe. Ila serikali huridhika na namba.

Siku ya kushusha injini marafiki huja bila kualikwa, wengine wakiwa wamekwisha kutuma mchango wa simu. Hakuna anayegusa spana ya fundi. Kazi yao ni kushika taa na kutunza makopo ya boliti, na kununua chapati. Injini mpya ikishapanda huingia katika arobaini yake, kama mzazi: kwa kilomita 1,000 za mwanzo haikimbizwi, turbo hupunguzwa msukumo, mafuta humwagwa mapema yakapekuliwa kitambaani. Katika muda huo hata Probox ya miraa ikimpita mwenyewe, wenzake hawamcheki.

Arobaini ya injini ya mpwa wangu ilipokwisha tukateremka naye Mombasa. Fundi alikuwa amempa onyo moja, kwamba gari lilifundishwa kuvuta hewa nyepesi ya Nairobi, na msukumo ule ule katika hewa nzito ya pwani utaielemea injini; kwa hiyo tuliposimama Mtito Andei kunywa chai, akaupunguza kwa kifundo kidogo kilicho chini ya usukani, kwa makini ya mtu anayepima dawa. Mlio wake, ule wa kugugumia ambao ekzosi ya turbo moja ilikuwa imeurudisha, ulitutangulia mtaani, na watoto wakatoka mbio kabla hatujasimama. Dada yangu akafungua mlango, harufu ya samaki anayepikwa ikisikika nyuma yake, akaita, "Ingieni, chakula chapoa!"

Nikashuka. Mpwa wangu alibaki kitini, injini ikinguruma polepole ili mafuta yaendelee kuipoza turbo, naye akamwonyesha mamake kidole kimoja, kwamba amsubiri dakika moja tu. Dada yangu akanigeukia, mkono kiunoni. "Huyu amngoja nani humo ndani?"