Zabuni za Songea Zilipohamia Mtandaoni

Katika mji kama Songea, ambao viwanda vyake ni vichache na ambao biashara yake kubwa, ya mahindi, hupanda na kushuka pamoja na msimu, mnunuzi asiyelala mwaka mzima ni Serikali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa yataka shuka na sabuni. Mamlaka ya maji, SOUWASA, yataka mabomba na dira. Shule za bweni zataka unga na maharage. Ofisi za Manispaa, na za halmashauri nyingine saba za mkoa wa Ruvuma, zataka karatasi, dizeli, viti na mafundi wa kupaka rangi. Basi suala la nani aiuzie Serikali, na kwa njia gani, si la makarani peke yao: ni suala la riziki ya watu wengi kuanzia Mfaranyaki hadi Bombambili, na la kodi ya kila mtu, hata yule ambaye hajapata kuuza kalamu moja kwa taasisi ya umma.

Ada ya zamani ilikuwa hivi. Taasisi iliyotaka kununua ilitoa tangazo gazetini, na gazeti, lililochapwa Dar es Salaam, lilisafiri zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Iringa, Makambako na Njombe kabla ya kumfikia mfanyabiashara wa Songea, ambaye aghalabu alilisoma siku ambayo mwenziwe wa Kariakoo alikwisha anza kazi. Mwenye nia alinunua nyaraka za zabuni kwa fedha taslimu, akazijaza, akazitolea nakala, akazitia katika bahasha iliyofungwa barabara, na ikiwa zabuni ilikuwa ya shirika lenye makao yake makuu mbali, aliikabidhi kwa mtu wa basi au aliibeba mwenyewe, ili itumbukizwe sandukuni kabla ya saa iliyotajwa. Basi likiharibika kwenye mlima wa Kitonga, hapakuwa na wa kumlalamikia. Na aliyefika kwa wakati naye hakuwa na yakini, kwa kuwa bahasha zilifunguliwa mbele ya watu, ni kweli, lakini bei zikisha kusomwa kwa sauti, yote yaliyofuata yalifanyika ndani ya vyumba na mafaili. Sisemi kwamba kila bodi ya zabuni ilikuwa na hiana. Nasema kwamba hata bodi yenye insafu haikuwa na njia nyepesi ya kuithibitisha insafu yake mbele ya aliyeshindwa.

Sheria hazikukosekana. Ilitungwa moja mwaka 2001, nyingine mwaka 2004 iliyozaa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, na nyingine tena mwaka 2011. Kisha ukaja mfumo wa kwanza wa mtandaoni, TANePS, uliojengwa na kampuni ya kigeni. Na baada yake, Julai 2023, ukazinduliwa NeST, uliosanifiwa na wataalamu wa hapa nchini, ambao tangu Oktoba 2023 taasisi nunuzi zote ziliamriwa kuutumia badala ya ule wa awali. Sheria Namba 10 ya mwaka huo huo, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, ikautia mfumo huo nguvu ya kisheria.

Utendaji wake si mgumu kuufahamu. Mzabuni hujisajili mara moja, na kwa kuwa NeST imeunganishwa na mifumo ya TRA, BRELA na NIDA, mfumo wenyewe huuliza huko kama mtu huyo ni mlipakodi, kama kampuni yake imesajiliwa na kama kitambulisho chake ni cha kweli, jambo ambalo zamani lilithibitishwa kwa nakala za karatasi ambazo mtu mwenye hila aliweza kuzighushi. Bei anayoiweka hufichwa hata watumishi wa taasisi wasiione mpaka saa ya kufungua itimie. Na saa hiyo haina rafiki, kwani mlango hufungwa kwa aliyechelewa dakika moja kama unavyofungwa kwa aliyechelewa siku nzima. Mwenye malalamiko huyapeleka kwa ofisa masuuli wa taasisi, na asiporidhika hukata rufani kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Rwanda ilikwisha kutangulia na mfumo wake wa Umucyo ulioenea nchini mwaka 2017, na Ukraine mwaka 2016 ililazimisha zabuni zipite katika Prozorro, ambako raia yeyote huweza kuzisoma baada ya kufungwa.

Kwa Songea, hata hivyo, mlango uliofunguliwa hupitwa pande zote mbili. Mwenye duka la vifaa vya ofisi hapa sasa huliona tangazo la Dodoma wakati uleule linapoonwa Dodoma. Lakini muuzaji wa Mbeya au Dar es Salaam naye huliona tangazo la Songea, na ana ghala kubwa na bei nyepesi. Ndiyo maana naona kwamba fungu la thamani ya asilimia 30 ambalo sheria huzitaka taasisi kuwatengea wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu si sadaka hata kidogo, bali ni ngao ya lazima katika soko ambalo umbali hauwalindi tena wadogo. Lakini ngao hiyo humfaa mwenye kujua kuishika. Wako wanaomwachia nenosiri lao kijana wa dukani aliyewasajili, nao hawaulizi tena mpaka zabuni imepita.

Liko pia jambo ambalo kompyuta hailioni. Hila iliyozuiwa sandukuni yaweza kurudi nyuma hatua moja, ikajificha katika maandishi ya masharti: sifa za bidhaa zikaandikwa zimfae mtu mmoja tu, au uzoefu wa miaka mingi ukadaiwa kwa kazi ya kufyeka majani. Yaweza pia kusogea mbele, ikakaa ghalani, pale ambapo mpokeaji hutia saini ya magunia mia ilhali yaliyoshushwa ni tisini. Mfumo utahifadhi kwa uaminifu mkubwa masharti yale ya dhuluma na saini ile ya uongo. Faida yake ni kwamba mkaguzi atakayekuja ataikuta saini hiyo ilipo, na jina la mwenyewe, hata kama faili la karatasi limeliwa na mchwa.

Na yako malipo. NeST yaweza kuonyesha mkataba ulitiwa saini lini na mzigo ulipokelewa lini, lakini haiwezi kuleta fedha ambazo taasisi haijazipata. Kampuni kubwa huvumilia. Kikundi cha akina mama kilichokopa mtaji katika ile asilimia 10 ya mapato ambayo halmashauri huitenga kwa mikopo ya vikundi, kikapeleka maharage shuleni, kisha kikangoja malipo miezi mitatu, hubaki na marejesho ya kila mwezi na biashara iliyosimama. Na zabuni nyingine itangazwapo, ingawa imetengwa kwa ajili yao, huipita bila kuifungua.