Tutengeneze Mifuko Imara ya Karatasi



Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Wenzetu wa Rwanda walianza mwaka 2008, na Kenya ikafuata mwaka 2017. Sababu tunazijua. Mifuko ile haikuwa inaoza. Iliziba mitaro. Ilitapakaa mashambani. Ng'ombe na mbuzi waliila ikawaua.

Basi watu wengi wamerudia mfuko wa karatasi. Vikundi vya kina mama na vijana vinasaga unga, vinapepeta mchele, vinachagua maharage, kisha vinafunga kwenye karatasi na kuuza. Hilo ni jambo jema. Karatasi ikitupwa inaoza na kuwa udongo.

Lakini yapo malalamiko. Watu wanasema, "Ah, mifuko ya karatasi inapasuka!" Na kweli inapasuka. Unga unamwagika njiani. Kazi ya kulima, kukoboa na kusaga yote inaishia mchangani. Na mnunuzi aliyemwagikiwa unga mara moja, mara ya pili anakwenda kwa mwingine.

Je, kosa ni la karatasi? Mara nyingi sivyo. Ipo mifuko ya saruji iliyotengenezwa kwa karatasi tupu, nayo hubeba kilo 50. Inapakiwa kwenye lori, inashushwa, inabebwa begani, na haipasuki. Kwa nini ule wa kilo 50 unahimili, na wetu wa kilo 1 unashindwa? Tuangalie.

KARATASI IMETENGENEZWA NA NINI?

Chana karatasi polepole, kisha tazama ukingo wake juani. Utaona vinywele vidogo. Hizo ni nyuzi za mti. Karatasi ni nyuzi nyingi zilizoshikamana.

Sasa fikiria kamba ya mkonge. Kamba iliyosokotwa kwa nyuzi ndefu ina nguvu. Iliyosokotwa kwa vipande vifupi inakatika upesi. Karatasi nayo ni hivyo hivyo. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, nyuzi zake zimekatikakatika. Ndiyo maana inachanika upesi.

Karatasi ya kaki ni tofauti. Mti hukatwa vipande vidogo, kisha hupikwa kwa dawa. Dawa hiyo huyeyusha utomvu mgumu unaozishikilia nyuzi ndani ya mti. Nyuzi zinatoka zikiwa ndefu na nzima. Njia hii iligunduliwa na Carl Dahl huko Ujerumani mwaka 1879. Wajerumani waliiita kwa neno lao lenye maana ya "nguvu".

Hapa kwetu, kiwanda cha karatasi kilijengwa miaka ya 1980 huko Mgololo, wilaya ya Mufindi, ili kutumia misindano, yaani misonobari, ya msitu wa Sao Hill. Misonobari ina nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu ndizo zinazofaa kwa mifuko.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: tutumie karatasi mpya ya kaki. Tusifunge unga kwenye magazeti, hata gazeti hili unalosoma. Wino wake si chakula. Na tusitumie mifuko ya saruji iliyokwisha kutumika. Hata ukiikung'uta namna gani, vumbi la saruji hubaki.

NYUZI ZIMELALA UPANDE GANI?

Karatasi inapotoka kwenye mashine, nyuzi nyingi hulala upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo. Upande huo karatasi haikatiki upesi ikivutwa. Upande wa pili hukatika upesi zaidi, lakini hunyumbuka kidogo.

Utajuaje nyuzi zimelala wapi? Kata kipande cha mraba. Kipanguse upande mmoja kwa kitambaa chenye maji. Kipande kitajikunja kama mkeka unaoviringishwa. Nyuzi zimelala kufuata urefu wa mkeka huo.

Katika mfuko, nyuzi zisimame kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Uzito wa unga huvuta karatasi kwenda chini, na nyuzi zitaushika. Tumbo la mfuko nalo litanyumbuka kidogo unga ukisukuma.

KARATASI MBILI NYEMBAMBA AU MOJA NENE?

Wengi wetu tungesema, "Nunua karatasi nene." Lakini ukiuchana ule mfuko wa saruji, utakuta karatasi mbili au tatu, moja ndani ya nyingine. Tena hazikugandishwa pamoja mahali pote. Zimeshikana kwenye maungio tu.

Kuna akili hapo. Karatasi nene ni ngumu, ukiikunja inavunjika penye mkunjo. Karatasi nyembamba mbili zinakunjika vizuri. Mfuko ukianguka, zinateleza moja juu ya nyingine na kugawana kishindo. Na kama ya ndani ina mahali dhaifu, ya nje haina udhaifu pale pale. Moja ikishindwa, mwenzake anasaidia. Umoja ni nguvu, hata kwa karatasi.

TUTENGENEZE MFUKO WA KILO 1

Kwanza mwombe fundi seremala akuchongee kibao cha pembe nne. Upana wake uwe sentimita 12, unene sentimita 8 na urefu sentimita 25. Kipigwe msasa kiwe laini. Atoboe tundu kutoka chini hadi juu, ili hewa ipite. Bila tundu hilo, kibao kitang'ang'ania ndani ya mfuko usipotaka.

Halafu fuata hatua hizi:

1. Kata karatasi ya ndani: sentimita 42 kwa 30. Nyuzi zifuate ule upande wa 30.

2. Zungusha karatasi kwenye kibao. Mzunguko wa kibao ni sentimita 40, kwa hiyo ncha zitapandana kwa sentimita 2. Paka gundi hapo. Usipunguze sentimita hizo 2 kwa kubana karatasi. Maungio membamba ndiyo chanzo cha hasara.

3. Acha sentimita 6 zipite mwisho wa kibao. Hizo ndizo za kitako. Kunja kwanza pande mbili fupi, kisha pande mbili ndefu. Pande ndefu zitapandana kwa sentimita 4. Zipake gundi.

4. Kata karatasi ya nje: sentimita 43 kwa 30. Izungushe juu ya ile ya kwanza. Angalia sana hapa: maungio ya nje yasikae juu ya maungio ya ndani. Yakae upande wa pili wa kibao. Yakiwa mahali pamoja, udhaifu unakuwa mahali pamoja.

5. Kunja kitako cha nje kama cha ndani. Mwisho bandika kiraka cha karatasi, sentimita 11 kwa 7, juu ya kitako.

6. Simamisha kibao na mfuko wake, kitako kikiwa chini, mpaka gundi ishike. Toa kibao. Acha mfuko ukauke kivulini mpaka kesho yake.

GUNDI YETU WENYEWE

Gundi ya unga wa muhogo inafaa, tena ni nafuu. Chukua kikombe 1 cha unga uliochekechwa vizuri. Ukoroge kwanza kwa maji baridi kidogo, usiwe na madonge. Kisha umimine kwenye maji yanayochemka, kama vikombe 5, huku ukikoroga. Ukiwa kama uji mzito unaong'aa, epua. Acha upoe.

Paka gundi nyembamba, ienee mpaka ukingoni. Gundi nyingi si nguvu. Inalowesha karatasi na kuchelewa kukauka. Pika ya kutosha siku moja tu, kwani ikilala inachacha. Na tusitie dawa ya wadudu ndani ya gundi hata kidogo. Mfuko huu ni wa chakula.

KUJAZA NAKO NI KAZI

Unga una hewa nyingi ndani yake. Ukifunga mfuko pamoja na hewa hiyo, kisha mfuko ukaanguka, hewa inabanwa na kutafuta pa kutokea. Inapasua. Basi mfuko ukishajaa, ugonge taratibu juu ya meza mara kadhaa. Unga utashuka, hewa itatoka. Kisha kunja mdomo mara mbili na uugundishe au uushone kwa uzi. Usitumie pini za chuma. Pini ikiingia kwenye unga, itaingia kwenye ugali.

Tena tukumbuke, adui mkubwa wa karatasi ni maji. Karatasi ya kawaida ikilowa hupoteza karibu nguvu zake zote. Kwa hiyo mfuko huu ni wa vitu vikavu tu. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta. Siku ya mvua ifunike vizuri njiani.

Na ukavu si kwa ajili ya karatasi peke yake. Nafaka mbichi huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mfuko mzuri hauponyi nafaka mbaya. Kabla ya kusaga, weka mahindi kidogo kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Yarudishe juani.

TUUPIME MFUKO KABLA YA KUUZA

Tusingoje mnunuzi atupimie. Chukua mifuko 5. Ijaze mahindi makavu kilo 1 kila mmoja, uifunge. Tandika mkeka juu ya sakafu ngumu. Angusha kila mfuko kutoka urefu wa kiuno: mara moja kwa kitako, mara moja kwa tumbo, mara moja kwa ubavu. Rudia mpaka upasuke. Andika kwenye daftari umeanguka mara ngapi na umepasukia wapi.

Pale ulipopasukia patakufundisha:

Maungio yamebanduka na karatasi ni nzima? Gundi ni mbaya, au haikukauka.

Karatasi imechanika na maungio yameshika? Gundi ni nzuri. Tafuta karatasi bora.

Umepasukia pembeni mwa kitako? Mikunjo haikukaa sawa, au kiraka ni kidogo.

Rekebisha jambo moja tu, kisha pima tena. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja, hutajua lipi limesaidia.

HESABU KIDOGO

Je, karatasi ya pili ina faida? Tupige hesabu. Tuseme kikundi kinauza mifuko 100, na kilo ya unga ni shilingi 1,500. Mifuko ya karatasi moja inapasuka 8. Hasara ni 8 mara 1,500, yaani shilingi 12,000.

Tuseme karatasi ya pili inaongeza shilingi 50 kwa kila mfuko. Kwa mifuko 100 ni shilingi 5,000. Sasa inapasuka 2 tu, hasara shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 8,000. Tumeokoa shilingi 4,000, na wanunuzi wamebaki nasi.

Lakini kama ilikuwa inapasuka 3 tu, hasara ilikuwa shilingi 4,500. Karatasi ya pili ingegharimu zaidi ya hasara yenyewe. Hapo ni bora kurekebisha gundi na mikunjo kwanza, maana havigharimu kitu. Kwa hiyo tusikimbilie kuongeza karatasi. Kwanza tuhesabu mifuko inayopasuka. Daftari na kalamu, ndugu zetu, ni zana za kazi kama jembe.

Kikundi kinachotaka msaada zaidi wa vifungashio kinaweza kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973. Lina ofisi mikoani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mifuko ya kijijini kwetu hupasukia wapi zaidi: kitakoni, pembeni au kwenye maungio?

2. Kwa nini maungio ya karatasi ya nje yasikae juu ya maungio ya ndani?

3. Kikundi chetu kiliuza mifuko mingapi mwezi uliopita? Mingapi ilipasuka? Hasara ni shilingi ngapi?

4. Nani kati yetu atamwona seremala kuhusu kibao, na lini?