Barabara ya Magogo Siyo Njia ya Wazee

"Ni programu gani ya simu inayoonyesha njia za zamani za Mlima Elgon?" Swali hili huulizwa Busia, huulizwa Malaba, huulizwa hata Osieko, ambako wengi wanaujua mlima huo kwa tope lake tu, lile ambalo Mto Nzoia huliteremsha hadi Budalangi kila mvua zinapozidi. Jibu ni fupi: hakuna. Wala kosa si la simu. Kosa limo katika dhana iliyolizaa swali, kwamba njia iliyosahaulika ni ile ambayo bado inaonekana kidogo, kwa hiyo kinachohitajika ni jicho kali zaidi, liwe la mtu au la setilaiti. Katika msitu usioguswa dhana hiyo ingekuwa na mashiko. Katika msitu uliokatwa, ukapandwa, ukakatwa tena, mambo yamegeuka: kinachoonekana zaidi ndicho kichanga zaidi, na aghalabu hakikutengenezwa kwa ajili ya mguu wa binadamu.

Tuanze na huo mstari wa kwenye simu, maana watu wanauamini kuliko wanavyomwamini mchungaji aliyezaliwa Kapsokwony. Ramani nyingi za bure huchorwa na watu wa kujitolea ambao hutazama picha za setilaiti na kufuatisha wanachokiona. Picha hizo hutegemea mwanga wa jua, na mwanga haurudi na habari zozote za ardhi iliyofunikwa na majani yaliyofungamana. Kijia cha upana wa hatua moja, kikipita chini ya miti mikubwa ya asili, hakimo kwenye picha. Kilichomo ni mwanya, na mwanya katika mashamba ya miti ya Elgon huachwa hasa na barabara ya lori la magogo, na ukanda wa kuzuia moto kati ya shamba moja la misaipresi na jingine, au na mahali palipofyekwa pote. Mchoraji anaona mstari, anauita njia ya miguu, anaendelea na kazi yake. Mpanda mlima anaufuata, simu inarekodi safari yake, rekodi inawekwa hadharani, na sasa mstari una shahidi. Anayefuata anakuta mashahidi wawili. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga njia ya zamani, ila ramani imezidi kuaminika. Ipo teknolojia ya kurusha miale ya leza kutoka kwenye ndege, miale inayopenya kati ya majani na kuipima ardhi yenyewe. Mwaka 2009 iliuonyesha mji wa Wamaya wa Caracol, Belize, chini ya msitu mnene. Hiyo siyo iliyo ndani ya programu unayopakua Ijumaa jioni ukijiandaa kwa safari ya Jumamosi.

Wasioamini simu huja na imani pacha: njia ya zamani nitaijua kwa uchakavu wake. Imani hii ni mbaya zaidi, kwa sababu inavaa sura ya uzoefu. Uvunaji wa mbao katika misitu ya serikali nchini Kenya umekuwa wa kufunguliwa na kufungwa. Kulikuwa na marufuku ya 1999, kisha marufuku iliyoanza Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023. Kila kufungwa huacha barabara zilizokuwa zikitumika zikimezwa na miiba, na katika mlima wenye mvua kama Elgon misimu michache inatosha kuifanya barabara ya juzi ionekane ya enzi za mababu. Aidha, kuna jambo la udongo ambalo waulizaji hawalifikirii kabisa. Trekta na lori hukandamiza ardhi kiasi kwamba mizizi ya miti hupata taabu kupenya kwa miaka mingi, kwa hiyo mwanya hubaki na vichaka tu. Mguu wa mtu na kwato za ng'ombe hukandamiza ukanda mwembamba, nao msitu huufunga mapema, hasa mianzi ikiukaribia. Kwa maneno mengine, barabara ya magogo hudumu machoni kwa sababu imeijeruhi ardhi zaidi. Ukitafuta alama iliyodumu, utapata jeraha kubwa, na umri wake hutaujua kwa kulitazama. Ongeza hapo machafuko ya 2006 hadi 2008, yaliyowahamisha watu wengi kwenye miteremko ya upande wa Bungoma. Vijia vilivyokuwa vikikanyagwa kila siku viliachwa, huku barabara za lori zikisubiri tu mvunaji mwingine.

Tofauti ya kweli kati ya njia hizi mbili iko katika kazi zake. Lori lililobeba magogo haliwezi mwinuko mkali, kwa hiyo barabara yake hukata mteremko kwa mshazari, hujipinda, na upande wa juu huacha ukuta wa udongo uliochimbwa. Kutoka barabara hiyo huchipuka njia fupi za kuburutia magogo, nazo huishia kwenye visiki. Hapo ndipo watu hupotelea. Wanafuata njia inayozidi kuwa nyembamba, wanafurahi kwamba sasa wamefika kwenye "njia halisi", kisha njia inakwisha katikati ya miiba saa kumi jioni. Haikukatika, ilifika ilikokusudiwa kufika, yaani kwenye mti ambao haupo tena. Njia ya wazee ina tabia nyingine. Elgon ni volkano kongwe, na migongo yake hushuka kutoka kwenye ukingo wa kreta kuelekea pande zote huku mabonde yakiwa katikati. Mtu mwenye mzigo kichwani hupanda kwa mgongo, hata kama ni mkali, ili asivuke korongo baada ya korongo. Hujali mahali pa kuvukia mto, hujali upepo, na zaidi ya yote hujali anakokwenda.

Nitajibiwa kwamba mara nyingine barabara ya magogo ilijengwa juu ya njia ya zamani. Ni kweli. Mhandisi naye hutafuta kivuko chenye mwamba imara na mahali ambapo mgongo unashuka kidogo kati ya vilima viwili, na wazee walipaona kabla yake. Lakini njia hizo mbili hukutana kwenye vituo hivyo tu. Katikati yake huachana, kwa kuwa moja inakwepa mwinuko na nyingine inakwepa korongo. Kwa hiyo barabara inafaa kukufikisha kwenye kivuko, na ukishafika kivukoni iache. Nitajibiwa pia kwamba wazee waliozijua njia wamekufa. Baadhi, ndiyo. Ila wengi wa wanaolalamika hivyo waliwauliza waliobaki swali bovu. Ukimuuliza mzee wa Kisabaot "njia ya zamani iko wapi?" atakuonyesha barabara unayoiona na wewe, kwa heshima tu, kwa sababu ndiyo inayopitika leo. Muulize ng'ombe walipelekwa wapi kula chumvi.

Maana njia zote za zamani hapa zilikuwa na shabaha, na shabaha hazijahama. Mapango ya Kitum na Makingeny yana chumvi ukutani, na tembo huichimba hadi leo. Msafiri Joseph Thomson alipofika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883 aliwakuta watu wakiishi ndani na mifugo yao. Watu na mifugo hiyo walikuwa wakienda majini na malishoni kwa njia fulani. Malisho ya juu ya Chepkitale, kwa Waogiek, ni shabaha nyingine. Ya tatu ni soko. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupanda duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kimagendo hadi soko la Chepkube kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, nao wabebaji walikuwa na kila sababu ya kukwepa barabara. Chukua shabaha mbili za namna hii, tafuta mgongo unaoziunganisha na vivuko vilivyo kati yake, na eneo la kupekua linapungua kutoka msitu mzima hadi ukanda mmoja. Huo ndio utafutaji. Ukiwa ndani ya ukanda huo, mfereji mwembamba usio na ukuta wa udongo upande wa juu, au mmea wa mpakani uliopandwa kwa mkono wa mtu katikati ya msitu, una uzito kuliko mstari wowote wa simu.

Yaliyobaki ni ya kutekeleza. Pata ramani ya Idara ya Upimaji ya kipimo cha 1:50,000, toleo kongwe kadiri uwezavyo, na ukumbuke kwamba mstari wa nusu milimita hapo ni mita 25 ardhini. Simu itumie kurekodi ulikopita ili urudi, basi. Usiteremke na mto ukipotea. Vijito vya Elgon vinaweza kukufikisha kwenye maporomoko. Ruhusa ya msitu wa hifadhi iko kwa Huduma ya Misitu, ya mbuga iko kwa Huduma ya Wanyamapori, langoni Chorlim. Ziombe zote mbili kama ukanda wako unavuka mpaka wao, na kuingia Uganda kupitia juu kunahitaji mpango rasmi na maafisa wa nchi zote mbili. Ajiri kiongozi wa kijijini, umlipe siku nzima hata kama mmetembea nusu siku. Tembo wana njia zao kwenda mapangoni: ukikuta kinyesi kibichi, rudi. Nenda Desemba hadi Februari, usikate mti kuweka alama, funga kitambaa na ukifungue unaporudi, na saa nane mchana geuka, popote ulipofika.